Kimya cha Sekunde Ishirini na Mbili

Jumatano ile, kabla ya chai ya saa nne, Atupele Mwasomola alikuwa amekwisha kuhariri ushahidi wa watu kumi na wanne. Si kazi ya kujisifia. Alichagua kiolezo, akakiburutia rekodi ya shahidi, akangoja. Kiolezo kilijua kila kitu kinakaa wapi: jina la shahidi chini kushoto, nembo ya Baraza juu kulia, mstari wa kwanza wa sauti kwa shahidi, wa pili kwa muulizaji, wa tatu kwa mkalimani kama yupo. Kilifuta mvumo wa feni na kuwika kwa majogoo, kikasawazisha sauti ya anayenong'ona na ya anayefoka, kikakata vikohozi, halafu kikapanga majibu katika vyumba vitano: Mahali, Tukio, Mhusika, Hasara, Ombi. Dakika kumi na moja baadaye maelezo ya saa mbili yalikuwa yamegeuka filamu ya dakika saba, na waamuzi wa Baraza la Usuluhishi walitazama filamu hiyo peke yake. Shahidi hakuitwa mbele yao. Alirekodiwa nyumbani kwake, na basi.

Kiolezo hicho, Namba Nne, alikitengeneza Atupele mwenyewe miaka minane iliyopita. Wakati ule ushahidi mmoja ulimchukua mhariri siku nne nzima, na mashauri yalirundikana mpaka watu wakawa wanafia foleni. Baba yake alikuwa mmoja wao. Alifungua shauri la kiwanja akiwa na nywele nyeusi. Uamuzi ulipotoka, kwa kiolezo cha binti yake, alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Hivyo Atupele hakuwahi kuona aibu kwa zile dakika kumi na moja. Katika ofisi yote ya Mbeya hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia aone aibu.

Saa nne na nusu meneja wake, Gwakisa, alifika mezani na kishikwambi mkononi.

"Dada Atupele, rekodi mbichi za mwaka wa tatu wa kiolezo. Zimekaribia kutimiza miaka mitano."

"Zinafutwa lini?"

"Ijumaa saa sita mchana. Unahitajika utie sahihi kama mtengenezaji wa kiolezo. Sikiliza sampuli tatu, linganisha na filamu zake, basi."

Utaratibu aliujua. Watu walirekodiwa wakilia, wakitaja maradhi yao na siri za ndoa zao, nao waliahidiwa kwamba kilichobaki nje ya filamu hakitakaa duniani zaidi ya miaka mitano. Aliona ni ahadi nzuri. Alikuwa ameshasaini mara mbili, mwaka juzi na mwaka jana.

Mfumo ukamchagulia sampuli. Ya kwanza ilikuwa ya mwizi wa mizinga ya nyuki, ya pili ya mirathi. Zote mbili zilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa ya Subilaga Mwambene, mchuma chai wa Lugombo, milima ya Tukuyu, ambaye siku ile ya kurekodiwa alikuwa na miaka sabini na tisa. Shauri lilihusu ajali ya gari la waya, lile la kuning'inia, lililoteremsha magunia ya chai na abiria kutoka kituo cha juu. Lilikuwa limeachia, likashuka hadi bondeni bila kuzuiwa na breki iliyokuwa kituoni. Walikufa watu sita.

Atupele alitazama kwanza filamu. Katika chumba cha Mhusika muulizaji aliuliza, "Bibi, gari lilipoachia, ulimwona nani kwenye breki?" Bibi mwenye kitenge cha kijani akajibu, bila kusita, "Nilimwona Lusajo." Picha ikahamia chumba cha Hasara.

Kisha akafungua rekodi mbichi, akaruka moja kwa moja hadi swali hilo.

"Bibi, gari lilipoachia, ulimwona nani kwenye breki?"

"Nilimwona Lusajo."

Halafu kimya. Bibi alitazama kando, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Vidole vyake vikakunja pindo la kitenge, vikakunjua. Mahali fulani nje mbuzi alilia. Atupele alitazama saa ya kwenye skrini: sekunde kumi, kumi na tano, ishirini na mbili.

"Asubuhi," bibi akasema. "Asubuhi alinisalimu, akaniuliza habari ya mguu wangu. Lakini ile saa yenyewe, kwenye breki, sikuona mtu."

Atupele alisimamisha. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akafungua maelezo ya kiolezo, ingawa aliyajua kwa moyo. Kifungu cha kumi na moja alikuwa amekiandika yeye: kimya kikizidi sekunde nne, jibu limekwisha. Kila swali lilipewa jibu moja, na lililofuata baada ya kimya liliingia sanduku la akiba ambalo mhariri angeweza kulifungua akipenda. Katika miaka minane sanduku hilo lilikuwa limefunguliwa mara arobaini.

Sekunde nne hakuzitoa hewani. Alikuwa amepima rekodi sitini za majaribio: makarani, walimu, wauza simu, wenzake wa ofisini. Hakuna aliyenyamaza zaidi ya sekunde mbili katikati ya jibu. Sasa aliifungua tena orodha ile akaangalia umri wao. Aliyewazidi wote alikuwa na miaka arobaini na sita.

Akatafuta hukumu. Lusajo Kasyupa, mwendesha gari la waya, alidai kwamba gari lilipoachia yeye alikuwa karakana akiomba breki itazamwe, kwa kuwa ilikuwa ikilia tangu alfajiri. Karakana hakukuwa na aliyemkumbuka. Baraza liliandika kwamba shahidi aliyekuwepo kituo cha juu, ambaye jina lake limehifadhiwa, alimwona mshtakiwa kwenye breki. Kwa hiyo aliiachia mwenyewe kwa haraka na uzembe. Alipewa miaka tisa katika kambi ya kazi, na alikuwa ametumikia minne na miezi kumi.

Gwakisa alisikiliza rekodi mara mbili akiwa amesimama, kisha akaketi. Hakuwa mtu mbaya, na Atupele alijua hivyo. Ndiye aliyempigania kiolezo kilipokuwa bado wazo la kuchekwa.

"Sawa," alisema. "Ni kosa. Turekebishe. Toleo jipya lianze Jumatatu, kimya kiwe sekunde thelathini, na sanduku la akiba lifunguliwe kwa lazima."

"Na waliokwisha pita?"

"Mashauri elfu sitini na moja, Atupele."

"Najua idadi yake."

"Basi fikiri. Wangapi kati ya mashahidi ni wazee? Wangapi walinyamaza mahali pabaya? Huenda ni mia mbili, huenda ni watano. Ili uwapate hao watano, utawaambia watu elfu sitini kwamba hukumu waliyoishi nayo haijulikani kama ni ya kweli. Kuna ndugu waliopatana. Kuna mama aliyejua nani alimuua mwanawe, akaweza kulala. Unataka kwenda kumwamsha?"

"Na huyu Lusajo?"

"Tutamwombea msamaha. Ipo njia, ya taratibu, isiyo na kelele."

"Msamaha hupewa aliyekosa, Gwakisa."

Gwakisa alichukua kishikwambi chake, akakirudisha mezani, fomu ya ufutaji ikiwa bado imefunguliwa. "Ijumaa saa sita," alisema. "Sitakulazimisha. Lakini usiposaini, hatuwezi kufuta hata moja, na lazima uandike kwa nini. Ukishaandika, hakuna wa kulirudisha hilo neno mdomoni."

Sheria ilimkataza mhariri kutoa rekodi mbichi nje ya jengo. Ilimruhusu mtu mmoja tu kuisikiliza popote alipo kabla ya kufutwa, naye ni shahidi mwenyewe. Shahidi huyo, akiona filamu imempotosha, aliweza kuomba shauri lifunguliwe. Kipengele hicho kilikuwa kimekaa katika sheria tangu mwanzo. Hakuna aliyekitumia, kwa kuwa mashahidi hawakuonyeshwa filamu.

Alhamisi asubuhi Atupele alijaza fomu ya kumpelekea shahidi rekodi yake, akapanda treni ya mlimani kwenda Tukuyu.

Bibi Subilaga alikuwa barazani akimenya ndizi mbichi ndani ya sufuria ya maji. Alikuwa amekonda kuliko kwenye rekodi, lakini mikono yake ilikuwa na kasi ileile ya mchuma chai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda. Unatoka serikalini, naona viatu."

Atupele alitaja jina na ofisi. Bibi akamwangalia kwa furaha ambayo hakuitarajia.

"Baraza! Ndaga, asanteni sana. Hamkunipa nafasi ya kushukuru. Mjukuu wangu Tumpe alikuwemo humo garini, alikuwa akienda shule. Mlinipa haki yake upesi. Wengine wanangoja mpaka wanazeeka."

"Bibi, nimekuja kuhusu ule ushahidi."

"Na yule mwenzangu mumshukuru pia. Jina lake hamkulitaja."

"Mwenzako yupi?"

"Yule aliyemwona. Siku ya kusoma hukumu walisema alikuwepo shahidi kituo cha juu aliyemwona Lusajo kwenye breki. Nikasema, kumbe tulikuwa wawili pale juu, mimi na mwenye macho kunishinda. Nimemwombea huyo mtu kila Jumapili."

Atupele aliangalia uani. Kati ya nyumba ile na ya jirani palikuwa na ua wa maua wenye pengo la kupitia mtu, na njia ya pengoni ilikuwa imeota majani hadi magotini.

"Nani anakaa pale?"

"Mama yake Lusajo." Bibi aliendelea kumenya. "Tulichuma chai pamoja miaka thelathini. Sasa kila mtu kwake. Ningeanzaje kumsalimu?"

Atupele alikuwa ameandaa maneno safari nzima ya treni. Yote aliyaona hayafai. Alitoa spika ndogo, akaiweka juu ya kigoda cha pili, akasema, "Hii ni sauti yako, bibi. Una haki ya kuisikia. Ukisema nisiiwashe, sitaiwasha."

"Sauti yangu niiogope kwa nini?"

Akaiwasha. Swali, jibu, kimya, mbuzi, kisha maneno yaliyofuata. Bibi alisikiliza kisu kikiwa kimeganda ndani ya ganda la ndizi.

"Rudia," alisema.

Atupele akarudia. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kulisema, akamchezea kile kipande cha filamu ambacho waamuzi walikiona. *Nilimwona Lusajo.* Hasara.

Bibi Subilaga aliweka kisu chini.

"Kituo cha juu alikuwepo nani mwingine? Kwa makaratasi yenu."

"Kwa makaratasi yetu hakuna, bibi. Ni wewe peke yako."

"Kwa hiyo yule shahidi."

"Ndiyo."

Bibi alifuta mikono yake kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Hakulia. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu anayeeleza kazi ya kawaida. "Mimi nikitaka kukumbuka siku, huanzia asubuhi. Siwezi kuirukia katikati. Aliniuliza gari lilipoachia, nami nikarudi asubuhi, nikampata Lusajo amesimama akiniuliza mguu, ndipo nikateremka nayo siku hadi pale. Ni mwendo. Nilikuwa njiani."

"Ndiyo, bibi."

"Nani alikata?"

"Ni kiolezo. Ni mpangilio unaotayarishwa kabla, halafu rekodi zote..."

"Sijauliza kilichokata. Nimeuliza aliyekata."

"Ni mimi," alisema Atupele. "Nilikipanga mimi."

"Hukunijua."

"Sikukujua. Nilikipanga kabla hata ajali haijatokea."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Hakuwa akimsamehe wala kumlaani. Alionekana anapima jambo. "Nipe hiyo karatasi ya kufungua shauri," alisema mwishoni. Akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kisha akainuka, akavaa kandambili.

"Nikusindikize, bibi?"

"Kaa. Zile ndizi usiziache zikawa nyeusi."

Akapita pengo la ua, akiyakanyaga majani kwa shida kwa sababu ya mguu. Atupele alimsikia akibisha hodi mara tatu, na mlango ukikawia. Maneno hayakufika alipokuwa. Baadaye kidogo alisikia kilio, lakini hakuweza kujua ni cha mwanamke yupi kati ya wale wawili. Alichukua kisu akamenya ndizi zote zilizobaki, kisha akafunika sufuria na kuondoka kuwahi treni ya saa kumi.

Njiani alilipima jambo lote upya, kwa ubaridi, kama anavyopima mistari ya sauti. Shauri la Lusajo lilikuwa limeshafunguka. Sahihi ya bibi ilitosha. Angeweza kukomea hapo. Mtu mmoja angetoka, kiolezo kingerekebishwa Jumatatu, na rekodi nyingine zingefutwa kama wenyewe walivyoahidiwa. Maneno ya Gwakisa hayakuwa ya uongo. Alikuwa amemwona bibi mmoja akinyang'anywa usingizi mbele ya macho yake, na aliyemnyang'anya ni yeye. Je, amfanyie nani mwingine hivyo, mara ngapi?

Kisha akajiuliza swali la pili, ambalo lilikuwa rahisi zaidi na baya zaidi: kama sampuli ya tatu isingekuwa hii? Mwaka juzi alisaini. Mwaka jana alisaini. Rekodi za miaka ile miwili zilikuwa zimekwenda, na hakuna duniani atakayejua nani alinyamaza humo. Hao hakuweza kuwasaidia kwa lolote. Waliobaki aliweza kuwasaidia, kwa siku moja zaidi.

Ijumaa saa tano na nusu aliijaza sehemu ya sababu. Aliandika aya nne. Aliandika kifungu cha kumi na moja kama kilivyo, umri wa watu aliowapima, tarehe alizosaini ufutaji wa nyuma, na jina lake. Hakuandika kwamba anasikitika, kwa sababu fomu haikuuliza.

Gwakisa aliisoma hadi mwisho. "Kiwanja chenu nacho kimo," alisema taratibu. "Shauri la baba yako lilipita kwa Namba Nne. Rekodi zake zilifutwa. Wapinzani wenu wakiomba, huna cha kuwaonyesha."

"Najua."

"Mama anajua?"

"Nitamwambia jioni."

Alimwambia. Mama yake, akiwa sebuleni mwa nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja hicho, aliuliza jambo moja: "Mzee alisema kweli kwenye ushahidi wake?"

"Filamu inaonyesha alisema kweli."

"Sikuulizi filamu."

"Sijui, mama. Niliuhariri mwenyewe, na sijui."

Yaliyofuata yalikwenda kama Gwakisa alivyosema, na pengine kwa ubaya zaidi. Baraza lilisimamisha hukumu zote zilizopitia kiolezo. Wahariri mia na ishirini waliitwa kazini kusikiliza rekodi mbichi kwa masikio yao, saa kwa saa; ilikadiriwa kazi ingechukua miaka tisa. Mwanamume mmoja alimngoja Atupele nje ya ofisi akamwambia kwamba alikuwa ameshamsamehe kaka yake, na sasa hajui amemsamehe kwa kosa gani. Mwanamke mwingine alimletea maua. Maandamano yalifanyika mara mbili, ya pande mbili tofauti. Katika miezi saba ya kwanza walipata mashauri thelathini na moja ambayo kimya kilikuwa kimegeuza maana. Atupele alivuliwa cheo, akapewa meza miongoni mwa wasikilizaji. Alivaa vifaa vya masikioni asubuhi, akavivua jioni. Kwa siku alimaliza ushahidi mmoja, akijitahidi miwili.

Lusajo Kasyupa alikuja mwezi wa nane, majuma matatu baada ya kutoka kambini. Alikuwa mtu mrefu, ameinama kidogo mabegani, na alivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado. Karani alimwelekeza mezani kwa Atupele kwa kuwa ndiye aliyeulizwa kwa jina.

"Wewe ndiye Atupele."

"Ndimi. Karibu, kaka. Keti."

Aliketi. Alitazama skrini, kisha mikono yake. "Siku ile mlipohariri shauri langu. Mlifanya mangapi?"

Alikuwa na haki ya kujua. Atupele akaangalia kumbukumbu. "Hamsini na moja."

"Langu lilikuwa la ngapi?"

"La thelathini na mbili."

Lusajo alitikisa kichwa, kama mtu aliyeelezwa umbali wa safari. "Bibi Subilaga ameniambia alizungumza saa mbili. Amesema niende nikasikilize yote, si kile kipande changu tu. Ametia sahihi." Akatoa karatasi mfukoni.

Atupele akamvalisha vifaa vya masikioni, akavaa vyake, akaanzisha rekodi kutoka mwanzo bila kuruka. Bibi alieleza hali ya hewa. Alieleza mguu. Alieleza bei ya majani mabichi na msimamizi asiyejua kupima. Lusajo alisikiliza bila kusogea, hata pale lilipokuja swali lenyewe, hata sekunde ishirini na mbili zilipopita moja baada ya nyingine.

Dakika ya tisini bibi alifika kwa mjukuu wake. Alieleza namna Tumpe alivyofunga vitabu kwa kipande cha kanga, namna alivyobishana kila asubuhi kuhusu uji. Kiolezo hakikuwa kimechukua hata neno moja la sehemu hiyo; haikujibu swali lolote. Hapo Lusajo aliinua mkono.

"Rudisha kidogo."

Atupele akarudisha. Uji, kanga, vitabu.

Lusajo alivua vifaa vya masikioni akavishika mapajani. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta.

"Alikuwa akikaa mbele, dirishani, karibu na kibanda changu cha breki," alisema. "Kila siku. Alitaka ajue kila kitufe kinafanya nini, nami nilimfundisha. Walipokuja kunichukua walinihoji siku nzima, wakauliza breki, waya, saa, uzito. Hakuna aliyeniuliza kuhusu yeye."

Atupele alizima muziki wa ofisi uliokuwa ukisikika kwa mbali, akasogeza kipaza sauti katikati ya meza, akafungua rekodi mpya isiyo na kiolezo. Skrini ilikuwa tupu, mstari mmoja wa sauti, haujaandikwa kitu.

"Nieleze," alisema. "Anzia popote."